Wateja wa Mashine Walivyokuja na Kuku Kwenye Posa Yangu

Jamani, hii naomba niisimulie mwenyewe, maana nimechoka kuisikia kwa watu ambao hata hawakuwepo, kila mmoja anaongeza chumvi yake, na majuzi hapa saluni, karibu na stesheni, nimemsikia dada mmoja akisimulia habari za "yule binti wa mitandao aliyeposwa na wanaume wawili siku moja", na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kiti cha pili, kichwa kimejaa dawa, nikanyamaza kama sihusiki. Aibu niliipata, sikatai, na niliipata mbele ya wakwe, mbele ya baba yangu na mbele ya nusu ya wakulima wa Kigwa. Ila wanaume hawakuwa wawili. Mwanaume alikuwa mmoja. Waliozidi ni kuku.

Mimi naitwa Tekla, na kazi yangu ni kuwapangia wafanyabiashara namna ya kutumia simu na mitandao isiyo na waya. Siuzi vifaa tu (hao wanaouza vifaa tu ndio wanaotuharibia soko, wanakufungia antena kubwa kama sinia la ubwabwa, kumbe ulichokuwa unahitaji ni laini moja ya simu). Mimi nakuja kwenye biashara yako, nakaa siku nzima kwenye benchi kama mteja, naangalia watu wako wanakwama wapi, ndipo napanga. Nimezifungia mitandao nyumba za wageni, maduka ya pembejeo, hata ghala la asali moja, na nikajiona nimeshakuwa mtu.

Ndipo akanipigia Mzee Maganga, mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Kigwa, ng'ambo ya reli. Nikaenda, nikakaa kwenye benchi langu. Yadi yake ni ndefu: mizani iko getini, ofisi iko katikati, ghala liko mwisho kabisa, na mashine ikishaanza kunguruma, karani wa mizani anabaki kupunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki, kule ofisini hawaelewi kama anasema gunia limepimwa au anaomba maji. Halafu wakulima. Mtu anatoka huko ndani na mkokoteni wa ng'ombe, anafika anaambiwa leo umeme hakuna, anageuza. Kesho anakuja tena, anaambiwa foleni imejaa. Mzee mwenyewe alikuwa anaona haya, aliniambia, "Mwanangu, hawa ni watu wazima wenzangu, siwezi kuendelea kuwazungusha hivi."

Nikampangia. Antena ndogo tatu za kuunganisha mizani, ofisi na ghala, makarani waandike uzito kwenye simu zao badala ya kupunga mikono, na pale ofisini kisanduku kidogo chenye laini ya mashine, laini ile ile ambayo wakulima wote wameshaihifadhi kwenye simu zao kwa jina la Maganga, kiwe kinawatumia ujumbe: mpunga wako tayari, njoo uchukue, leo umeme hakuna, usihangaike. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja tu.

"Na mtandao ukiondoka? Maana huku kwetu mtandao unaondoka bila kuaga."

Nikajivuta kwenye kiti, nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu. "Mzee wangu, ujumbe haupotei. Kisanduku kinaushika, mtandao ukirudi kinautuma chenyewe, hata kama wewe umelala."

Alilipenda sana jibu hilo. Akawa anawaambia wateja, "Haupotei, unasubiri," na mimi nikipita nasimama wima kidogo.

Sasa wiki ile ile ya kumalizia kazi ya Kigwa ndiyo iliyoangukia posa yangu. Mchumba wangu, Deo, ni fundi seremala wa Ulyankulu, wazee wake ni wale waliotoka Burundi zamani wakalima wakastawi huko, Wakatoliki wa kushika saa ya misa, na baba yangu, Mzee Mihayo wa Ntalikwa, ni mzee wa kanisa la Moraviani, kwa hiyo jambo lenyewe lilichukua muda mpaka likakubalika (si kwa ubaya, baba ni mtu wa kufikiri taratibu, hata kununua jembe anakwenda dukani mara tatu). Alipokubali tu, nikaona nisimpe nafasi ya kufikiri tena. Siku ikapangwa, Jumamosi. Na kwa kuwa nawajua ndugu zangu, watu wa kuja mikono mitupu wakati pilau limeshaiva, niliwaandikia ujumbe wa kutisha kidogo: "Posa ni Jumamosi saa nne asubuhi, nyumbani kwa Mzee Mihayo, Ntalikwa. Kila mtu aje na kuku mmoja, jogoo au tetea sawa. Sitaki visingizio. Msiniaibishe mbele ya wakwe."

Ukiupokea, utakataaje? Ni ujumbe mzuri. Tatizo lake moja tu, sikuweka jina langu, maana ndugu zangu wananijua.

Ijumaa jioni nikawa Kigwa namalizia. Mizani inasoma, ghala linasoma, imebaki kujaribu ule ujumbe wa wateja. Mtandao wa simu ulikuwa umeondoka tangu mchana, lakini nilitaka nione tu kama kompyuta inakabidhi ujumbe kwa kisanduku. Yalihitajika maneno yoyote, hata "habari" ingetosha. Mimi nikaona uvivu kuandika. Kwa kuwa kwenye kompyuta nilikuwa nimefungua mazungumzo yangu ya simu, nikanakili ule ujumbe wa ndugu zangu, nikaubandika. Ikaniuliza, nitume kwa nani? Kundi la majaribio sikuwa nimelitengeneza bado, lililokuwepo ni moja, "wateja wote". Nikasema moyoni, mtandao wenyewe haupo, utakwenda wapi. Nikabonyeza. Taa ya kijani ya kisanduku ikawaka, maana yake kimepokea, nikafurahi, nikataka niufute, na wakati huo huo gari la mwisho la kwenda mjini likapiga honi barabarani, nikafunga kompyuta nikakimbia.

(Ndiyo, najua. Ni mimi mwenyewe niliyemweleza mzee wa watu kwamba haupotei.)

Asubuhi ya Jumamosi nyumbani Ntalikwa nilifungiwa chumbani na Shangazi Yustina. Kwetu siku ya posa binti hajitokezi mpaka aitwe, na shangazi akaongeza sheria yake, akaninyang'anya na simu, akasema mwali hawezi kuwa anabofyabofya. Simu ikatiwa kwenye sanduku la vyombo. Mimi nikabaki dirishani, nachungulia kwenye upenyo wa pazia.

Wa kwanza kufika alikuwa mwanaume wa makamo, sura siijui, kwenye baiskeli yenye vumbi la safari ndefu, na jogoo mwekundu amening'inia kwenye usukani. Baba akatoka kumlaki.

"Mwangaluka, mzee," yule bwana akasema.

"Mwangaluka. Karibu sana."

"Hapa ndipo kwa Mzee Mihayo?"

"Ndipo."

"Basi nimefika. Kuku wangu huyu hapa. Nimechukua jogoo, nimesikia jogoo au tetea sawa."

Baba akajua huyu katangulizwa na upande wa Deo. Akampokea jogoo kwa mikono miwili, akampeleka yule bwana kwenye kiti cha mbele, kile chenye kitambaa, akamletea soda. Haukupita muda wakafika wakwe wenyewe: Mzee Nestori, baba mkubwa wa Deo, ndiye msemaji wao, na mama zake wawili, na Deo mwenyewe na koti lake jeusi, kichwa chini kama alivyofundishwa. Wakamkuta mtu amekaa kiti cha mbele anakunywa soda. Wakajua huyu ni mkubwa wa ukoo wetu. Mzee Nestori akamshika mkono akainama kabisa, akamwambia wamekuja kwa heshima. Yule bwana naye akainama, akasema na yeye amekuja kwa heshima. Wakakaa. Pande zote mbili zikawa zinamtazama yeye aanze kuzungumza, na yeye anatabasamu tu, anakunywa soda yake.

Wakaja akina mama wawili kwa bajaji, kila mmoja na tetea wake kwapani. Wakaja vijana kwa pikipiki. Wakaja mume na mke. Kila anayeingia anamkabidhi baba kuku na kumwambia hongera. Baba mikono imemjaa. Shangazi akasogea dirishani kwangu akaninong'oneza, "Hivi kina Deo kwao posa ni ya kuku watupu?" Nikamwambia sijui, labda ndivyo desturi yao, na wakati huo nilikuwa nimeshaanza kuona sura mbili tatu ninazozifahamu, ila akili ilikataa kuniambia nimeziona wapi.

Ilikubali lilipoingia lori. Lile lori nalijua, nimelipanda, ni la mashine ya Kigwa, nyuma limejaa watu wanaimba na matenga ya kuku, na ubavuni bado lina vumbi jeupe la pumba. Nikamwambia shangazi, "Nipe simu yangu." Akasema mwali hapewi. Nikamwambia, "Shangazi, nipe." Sijui aliona nini usoni mwangu, akaenda sandukuni. Nilipoiwasha nikakuta karani wa mizani amenipigia tangu asubuhi, na ameniandikia kuniuliza habari za ujumbe wa posa. Mtandao wa Kigwa ulikuwa umerudi usiku, na kisanduku changu kilifanya kazi yake bila kosa hata moja, kila mteja wa Mzee Maganga amepata ujumbe kutoka kwa Maganga kwamba Maganga anaposa Ntalikwa, na asije mtu akamwaibisha mbele ya wakwe.

Na Mzee Maganga ana mke.

Mke mwenyewe ndiye aliyekuwa anashuka kiti cha mbele cha lori. Mama Maganga ni mama mnene, mpole, ana mgahawa wake karibu na stesheni ya Kigwa na mchele wake anaukoboa kwa mumewe kama mteja mwingine yeyote, kwa hiyo namba yake imo. Alivaa kitenge cha kanisani, kilemba kimenyooka, na mkononi ameshika kuku mweupe. Wale wa kwenye lori waliokuwa wanaimba wakaacha mmoja mmoja.

Akamsalimia baba. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Ahsante. Nimeambiwa kila mtu aje na kuku, na mimi ni mtu, huyu hapa wangu. Sasa naomba nimwone mchumba wa mume wangu."

Nilimwona baba anamtazama Mzee Nestori. Nilimwona Mzee Nestori anamtazama Deo. Deo, ambaye alifundishwa asiinue kichwa, alikiinua, akatazama moja kwa moja kwenye dirisha langu, na uso ule mpaka leo nikiukumbuka nashindwa kula. Mzee Nestori akasimama pole pole.

"Ndugu yangu Mihayo," akasema, "sisi tumetoka mbali, na tuliambiwa binti hajaahidiwa kwa mtu. Kama kuna mwenzetu katangulia, tuambiane kiungwana, tunyanyuke."

Baba akajaribu kumzuia, akashindwa. Kwanza mikono ilikuwa imejaa kuku. Pili, kama nilivyosema, ni mtu wa kufikiri taratibu, na hapo hapakuwa na muda wa mara tatu.

Nikaona nikisubiri kuitwa nitaitwa mjane kabla sijaolewa. Nikamruka shangazi, nikatoka. Mwali katoka mwenyewe, peku, khanga moja begani, nywele upande mmoja zimesukwa na upande mwingine bado. Akina mama wa Ulyankulu wakashika vinywa. Nikapiga magoti katikati ya uwanja, na badala ya kusema neno la maana nikaanza kuwaeleza habari za kisanduku na antena na kundi la majaribio ambalo sikulitengeneza. Nilizungumza kwa muda mrefu. Nilipomaliza, yule bwana wa baiskeli akauliza kwa adabu kabisa, "Kwa hiyo anayeoa ni kisanduku?"

Mama Maganga hakucheka. Akaniambia, "Binti, wewe umekula kwangu wiki mbili. Nimekupa maharage ya nazi. Niambie tu ukweli, mimi sitakupiga."

Hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu ni kweli nilikula kwake, na aliniongezea kila siku bila kuombwa. Nikaanza kulia. Na simu yangu, mkononi, ikaanza kuita. Mzee Maganga. Nikasita, Mama Maganga akaona jina, akasema, "Pokea, weka sauti wote tusikie."

Nikapokea.

"Tekla, mwanangu," ikatoka sauti ya mzee, imejaa wasiwasi, "samahani kukusumbua Jumamosi. Huku kuna jambo silielewi. Nimefungua mashine tangu asubuhi, hakuna mteja hata mmoja. Karani hayupo. Lori halipo. Nimekwenda kunywa chai mgahawani, mke wangu naye hayupo. Hiyo mitambo yako inaweza kuwa imewafukuza watu?"

Mama Maganga akainama kwenye simu. "Mimi niko Ntalikwa," akasema. "Tumekuja kwenye posa yako."

Tukasikia njiwa wa kwenye paa la ghala kule Kigwa.

"Posa ya nani?"

"Yako, baba Joji. Umetutumia ujumbe."

"Mimi?" mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejikagua kama kweli hakufanya. "Mke wangu, mimi hata huo ujumbe kuutuma sijui. Huyo binti alisema atanifundisha Jumatatu."

Hapo ndipo Mama Maganga alipoanza. Alianza mabega, yakatikisika, halafu kilemba, halafu akakaa chini pale pale kwenye mchanga na kuku wake, anacheka mpaka machozi, na lori zima likamfuata. Shangazi Yustina naye akatoka na simu yake, akausoma kwa sauti ule ujumbe wangu wa mwanzo, wa siku mbili nyuma, neno kwa neno sawasawa, na alipofika "sitaki visingizio" Deo akashindwa, akacheka kwa sauti mbele ya wakwe zake, jambo ambalo alifundishwa asilifanye kabisa.

Katika kucheka huko watu wakaachia kamba. Kuku wakapata uhuru. Wakaingia kwenye mihogo ya jirani, wakaingia jikoni, jogoo mwekundu akapanda juu ya kiti chenye kitambaa, na Deo na koti lake jeusi akawa anakimbizana nao pamoja na karani wa mizani, na baba yangu, mzee wa kanisa, nikamwona anamkamata tetea kwa kumrukia kama kipa. Sikuwahi kumwona baba akikimbia kabla ya siku hiyo.

Walipotulia, Mzee Nestori alifuta koti lake, akaomba kila mtu akae, wa Kigwa kwa wa Ulyankulu. Akasema kwao posa inataka mashahidi, na hajapata kuona posa yenye mashahidi wengi kama hii, kwa hiyo kama Mzee Mihayo hana neno, yeye angependa kuendelea pale walipoishia. Baba akafikiri. Tukamsubiri afikiri. Halafu akasema, "Sina neno. Ila binti arudi ndani akamalizie nywele."

Nikarudi ndani. Nikaitwa kwa taratibu kama inavyotakiwa, nikaulizwa mbele ya watu kama namtaka huyu, nikasema ndiyo, na wale wa lori wakapiga vigelegele kuliko ndugu zangu wenyewe (ambao, niwaambie tu, walifika saa saba, mikono mitupu, kila mmoja na kisingizio chake). Tulipika kuku mpaka kuni zikaisha. Mzee Maganga alifika mchana kwa pikipiki, akala kimya karibu na mkewe, na kila aliyepita alimpa hongera, naye akawa anaitikia tu, amechoka kubisha.

Kazi ya Kigwa sikunyang'anywa. Jumatatu nilikwenda, nikatengeneza kundi la majaribio lenye namba moja, yangu, na nikaweka kwamba ujumbe wowote kwa wateja wote hautoki mpaka watu wawili waukubali: Mzee Maganga, na Mama Maganga. Hilo la mama nililiongeza mwenyewe, wala sikuombwa. Na nimeapa, nikijaribu mtambo wa mtu siandiki kitu kingine zaidi ya "moja mbili", na ya nyumbani kwangu hayagusi kompyuta ya kazini hata kwa bahati mbaya.

Harusi ilipokaribia, Deo akaniambia kwa utani kwamba, kwa kuwa nina mitambo, tuwaalike watu kwa kubonyeza mara moja tu, turahisishe. Nilimtazama, nikachukua mkoba wa kadi, nikavaa raba. Nilizipeleka mwenyewe kwa mguu, nyumba kwa nyumba, Ntalikwa yote, nagonga hodi, naingia, nakaa, nasema kwa mdomo wangu nani anaolewa na nani, na siondoki mpaka mwenye nyumba amenirudishia maneno hayo kama alivyoyasikia.